Mchango wa ndoa si tiketi ya kwenda Zanzibar

Goma. Karatasi ilifika siku ya posho asubuhi, imekunjwa mara nne, ikiletwa na kijana wa moto. Katika nyumba ile ya mbao, mtaa wa Ndosho, wanalala watu kumi na mmoja: wenye nyumba sita na wahami watano waliotoka tarafa ya Masisi. Jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la mama wa wale wahami, mjane, ambaye bwana arusi humwita mama mkubwa. Mbele ya jina, kamati ya ndoa ilikuwa imekwisha kuandika kiasi chake: dola 20. Hakuna aliyemuuliza. Mama huyo anafua nguo za watu huko Himbi, na siku akipata kazi anarudi na franga elfu tano. Kwa hesabu hiyo kamati ilikuwa inamwomba karibu siku kumi za kufua, na siku kumi za kazi mfululizo hajazipata tangu afike mjini.

Hakukasirika. Alisema kijana ni wa mdogo wake, anaoa kwa heshima, lazima apewe mkono. Alimwomba tu mtoto wa mwenye nyumba, anayesoma darasa la sita, amsomee upande wa nyuma. Mtoto akasoma: ukumbi dola 800, chakula 1500, vinywaji 1200, mapambo 500, magari 250, picha na video 300. Akafika mstari wa mwisho, akasoma polepole kwa sababu neno lilikuwa geni kwake: fungate, Zanzibar, siku tano, dola 2300. Jumla ya yote, dola 6850.

"Zanzibar ni wapi?" mama akauliza.

"Ni kule bahari iko," mtoto akajibu.

Mstari ule wa mwisho ufutwe. Ufutwe kwenye karatasi ya ndoa hii, na kwenye kila karatasi ya mchango inayozunguka Goma, Bukavu na Uvira, hata huko Bujumbura na Nakivale ambako Wakongomani waliokimbia vita wanaendelea kuoana na kuchangishana. Bwana na bibi wakitaka kwenda kulala kwenye mchanga mweupe, waende salama na warudi salama, ila mfuko uwe wao. Kuwatoza jamaa safari ya watu wawili, tena kuwatoza watu waliokimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, ni jambo ambalo wazee wa kamati wangeona aibu kulisema kwa mdomo. Ndiyo maana linaandikwa nyuma ya karatasi.

Mchango wa ndoa una sheria yake, hata kama haijaandikwa popote. Leo kwangu, kesho kwako. Anayetoa dola 10 anajua zitamrudia siku mtoto wake ataoa au ataolewa. Na siku ya sherehe anakula, anakunywa, anacheza, anapigwa picha na maarusi, halafu anarudi nyumbani na sahani iliyofunikwa kwa ajili ya watoto waliobaki. Ukumbi ni wa wote. Chakula ni cha wote. Hata yale magari yanayopiga honi toka kanisani mpaka ukumbini ni furaha ya barabara nzima, watoto maibobo wakikimbia nyuma yake. Lakini fungate ndiyo sehemu moja ya ndoa ambayo ni ya watu wawili peke yao, mlango ukiwa umefungwa. Hakuna shangazi anayealikwa. Hakuna sahani inayorudi nyumbani. Anayechangishwa fungate analipia karamu ambayo hata harufu yake haitamfikia, na hawezi kutumaini kwamba kesho itakuwa zamu yake, kwa sababu mtoto wa mama anayefua nguo hatapelekwa Zanzibar na kamati yoyote.

Tena si pesa kidogo. Dola 2300 kati ya 6850 ni theluthi ya bajeti. Maana yake, katika zile dola 20 za mama mkubwa, karibu dola saba zinapanda ndege.

Njia ya kuzipata inajulikana na kila mkaaji wa mji huu. Kamati inakaa siku ya yenga mchana, ina prezida, ina katibu, ina mtunza pesa. Inaandika majina ya jamaa, marafiki, majirani, watu wa kanisa, watu wa kazini. Inafungua kundi kwenye simu. Kila jioni orodha inatumwa: waliotimiza ahadi, jina na alama ya kidole gumba, wasiotimiza, jina na kiasi kilichobaki. Mtu ambaye hakuahidi kitu anajikuta ana "baki". Akikaa kimya, anapigiwa. "Mama mkubwa, usituangushe." Akisema hana, anaambiwa kila mtu atoe kwa kadiri yake. Maneno mazuri, lakini kadiri ya mtu haiandikwi na mtu mwingine kabla ya kumwuliza amekula nini leo.

Wanaotetea mstari wa Zanzibar wana sababu zao, na moja kati yake ina uzito. Msichana mmoja wa Katindo, anayejiandaa kuolewa mwezi wa nane, aliisema bila kuficha: wamesikia risasi, wamezika watu, wamelala chini ya kitanda, kwa nini wasilale siku tano mahali ambapo hakuna mlio wowote ila maji? Je, vita viwanyime hata hilo?

Hapana, visiwanyime. Anayewaambia vijana wa Goma kwamba furaha ni dhambi kwa sababu kuna vita hajui watu hawa. Mji huu ulioana baada ya mlima kumwaga moto mwaka 2002, ukaoana tena baada ya 2021, na utaendelea kuoana. Kila mtu aliyesikia mabomu ya mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 anastahili siku tano za kusikia mawimbi tu. Shida ni kwamba mama mkubwa naye aliyasikia. Aliyasikia akiwa chini ya shitingi, si chini ya kitanda. Halafu mwezi wa pili, Bulengo, Lushagala na kambi nyingine za pembezoni mwa mji zikavunjwa, watu wakakunja shitingi zao ndani ya siku chache, wengine wakarudi kwenye vijiji ambavyo nyumba zilikuwa zimebaki majivu, wengine wakaingia mjini kwenye nyumba za jamaa kama hii ya Ndosho. Kama hesabu ni ya nani amechoka zaidi, basi maarusi wenye mshahara ndio wangemchangia mama huyo siku tano za kupumzika. Hapa aliyechoka kuliko wote anaombwa alipie mapumziko ya aliyechoka kidogo.

Sababu nyingine ni nyepesi. Wanasema siku hizi ndiyo desturi, na ndoa bila safari inachekwa. Inachekwa na nani? Na picha za simu. Bibi mmoja anaweka picha yake amevaa kofia pana, nyuma yake minazi na maji ya buluu, na tangu siku hiyo rafiki zake wote wanataka kofia ile. Hakuna mzee yeyote wa Masisi, wa Bushi au wa Bunyakiri ambaye amewahi kukataa kutoa binti kwa sababu mkwe hana tiketi ya ndege. Mbuzi na ng'ombe, ndiyo, waliulizwa. Bahari haijawahi kuwa sehemu ya mahari.

Msikilizaji aangalie pia hizo dola 2300 zinaendaje. Karatasi inasema: tiketi za ndege za watu wawili 900, hoteli 850, "burudani na mengineyo" 550. Dola 550 za mengineyo! Kwenye mstari wa chakula kamati ilihesabu mpaka magunia ya makaa na idadi ya kuku. Kwenye burudani ya watu wawili haikuhesabu kitu.

Na bado haitatosha. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa toka mapigano ya mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, kwa hiyo safari inaanzia kwa miguu, mpakani, Grande Barrière, kisha Gisenyi, kisha basi la milimani mpaka Kigali, na ndege inapandwa huko. Jeto inayowasaidia wachuuzi kuvuka kila asubuhi inafikisha mtu Gisenyi, haifikishi Nungwi. Lazima pasipoti, na lazima karatasi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu msafiri anatoka Kongo na Watanzania wanaiuliza. Tena tangu mwezi wa kumi 2024 Zanzibar inamtoza mgeni bima ya lazima. Bei yake ya kawaida ni dola 44 kwa kichwa. Hakuna hata moja ya hayo iliyoandikwa kwenye karatasi. Yatakapojitokeza, kundi la simu litaamshwa tena usiku: "Wapendwa, tumebakiza kidogo."

Kuna na jambo la majira, ambalo wanaouza safari kwa picha hawalisemi. Ndoa nyingi za huku zinafanyika mwezi wa saba, wa nane na wa kumi na mbili, wakati wa likizo, jamaa wakiwa nyumbani. Hiyo ndiyo miezi Wazungu nao wanajaa Unguja, na hoteli zinapandisha bei. Mtu akitaka bei ishuke inabidi aende wakati wa masika, kati ya mwezi wa tatu na wa tano, mvua ikimwagika, hoteli nyingine zikiwa zimefunga kabisa. Na hata jua likiwaka, bahari haikai pale ilipopigwa picha. Upande wa mashariki, Paje na Jambiani, maji yakitoka yanakwenda mbali sana, na mgeni aliyekuja kuogelea anakuta uwanja wa mchanga wenye tope na akina mama wa kijiji wameinama wanalima mwani. Ni kazi ngumu ile, jua la utosini, maji ya chumvi mpaka magotini, na malipo yake ni madogo. Mama wa Ndosho angewaelewa akina mama wale kwa haraka kuliko bibi arusi mwenye kofia. Anayetaka kuogelea saa yoyote anashauriwa aende kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako maji hayaendi mbali. Hayo anatakiwa kuyajua mtu kabla ya kutoa makuta, siyo baada.

Makuta yenyewe yanatolewa kwa njia ambayo inatisha. Benki za Goma zilifunga milango yake pamoja na uwanja wa ndege. Wenye akiba ndani hawakuweza kuigusa, watu wakaishi kwa pesa za simu na kwa kuvuka mpaka. Katika hali hiyo, mwaka uliopita maarusi wawili wa mji huu walimtumia mtu mmoja dola 600 za kushika chumba, mtu waliyemjua kwa picha zake za pwani na kwa sauti nzuri ya simu. Waliposimama mbele ya hoteli, pale mapokezi hakuna aliyelijua jina lao wala la mtu yule. Walilala siku mbili kwenye nyumba ndogo ya wageni nyuma ya soko, wakarudi. Zile dola 600 zilikuwa za mchango: za walimu, za wauza sambaza, za mlinzi wa usiku. Kamati, ambayo ilitangaza kila "baki" la franga elfu kumi, haikutangaza hasara hiyo hata kwa neno moja.

Ajabu ni kwamba watu wa pwani wenyewe, ambao neno fungate ni lao, hawakuwa wanakwenda kokote. Neno linatoka kwenye hesabu ya zamani ya Kiswahili, maana yake ni saba. Siku saba. Huko Unguja na kwenye miji mingine ya pwani, bwana alikaa na bibi ndani, nyumbani kwa wakwe, chakula kikipikwa na kuletwa, somo wa bibi arusi akihudumia, na hakuna aliyeruhusiwa kuwasumbua kwa kazi. Bahari ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni na hawakuifuata. Walichopewa kilikuwa mlango unaofungwa na siku saba bila kutumwa.

Na huku kwetu milimani desturi haikuwa mbali na hiyo. Familia nyingi za Masisi na Rutshuru zinajua gutwikurura: bibi arusi anakaa ndani, hachoti maji, halimi, haonekani barabarani, mpaka siku jamaa zake wanapokuja na vikapu vya chakula kumfunua. Makabila mengine yana namna zao. Wazee hawakuwa na ndege wala hoteli, lakini walijua kwamba watu wawili ambao hawajawahi kulala nyumba moja wanahitaji siku kadhaa za kuachwa. Jamaa walichangia fungate, ndiyo, kwa unga, kwa kuni, kwa mikono, na kwa kunyamaza.

Hilo ndilo limepotea, na limepotea vibaya zaidi kwa wahami. Mwezi wa nne, mtaa wa Katoyi, vijana wawili wahami walifunga ndoa mbele ya mchungaji, yeye wa Kitshanga, bibi wa Mweso. Hawakuwa na kamati. Walikuwa na soda katoni mbili na mandazi. Usiku wa kwanza walilala katika chumba kimoja na mama mkwe na watoto wanne, katikati wametundika kitenge kuwa pazia. Mtoto mmoja alikuwa anakohoa. Asubuhi yake, saa kumi na moja, bibi arusi alikuwa amesimama kwenye mstari wa bidoni akisubiri maji kama kawaida, hina ingali mkononi. Wanawake waliokuwa kwenye mstari walimwangalia, wengine wakacheka kidogo, halafu hawakucheka tena.

Jirani mmoja, mjane mwenye chumba na sebule, alisikia habari hiyo pale bombani. Jioni alibeba godoro lake akaenda kulala kwa binti yake Majengo, akawaachia ufunguo. Akina mama wa uwanja ule wakapangana: mmoja alileta bugali na sombe, mwingine sambaza, mwingine lengalenga na maharage. Msichana mmoja akachota maji yao pamoja na ya kwao. Mama mkwe, ambaye mwanzoni alinung'unika kwamba nani atamsaidia kufua, alinyamazishwa na wenzake. Zikapita siku saba. Hakuna aliyezituma kwenye kundi la simu.

Kamati zipige hesabu. Katika mitaa hiyo chumba cha mbao kinapangishwa dola 25 kwa mwezi. Dola 2300 za Zanzibar zinalipa chumba hicho miezi 92, zaidi ya miaka saba. Au, kama kamati inapenda kuhesabu kwa maarusi, zinawapa wahami wanaofunga ndoa mwezi mzima wa mlango wao wenyewe, familia 92. Haitarajiwi kwamba ndoa ya watu wawili igeuke shirika la msaada. Hilo lingekuwa kulazimisha kwa namna nyingine. Inatosha kwamba pesa ambazo watu hawana zisikamuliwe kwao kwa ajili ya kitu ambacho si chao.

Kwa hiyo, mambo ni mepesi kufanywa na kamati yoyote ikitaka. Fungate itoke kwenye bajeti ya mchango. Ndugu tajiri anayetaka kuwapeleka maarusi pwani awape zawadi yake mkononi, kwa bahasha, bila kutangaza. Na mbele ya jina la muhami yeyote kusiandikwe kiasi: aletewe mwaliko mtupu, na akija na sabuni kipande kimoja, kipokelewe kwa mikono miwili. Wasimamizi wa ndoa nao wana sehemu yao. Wao ndio wanakaa na vijana kabla ya ndoa, wanawafundisha uvumilivu na uaminifu. Wangeweza pia kuwauliza swali moja: hiyo safari, mmeiwekea akiba miezi mingapi? Jibu likiwa "kamati itaona", basi safari haipo. Na wachungaji na mapadri wanaosoma matangazo ya ndoa siku ya yenga wanajua vizuri nani kwenye viti vya nyuma amekuja bila kula. Sauti yao inasikika kuliko ya prezida wa kamati.

Anayetaka maji na ukimya, akiwa na mfuko mdogo, si lazima avuke inchi mbili. Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko. Kuna Idjwi katikati yake, kisiwa kirefu chenye mananasi, kahawa na samaki, na makuta yanayoachwa pale yanabaki kwa mvuvi na kwa mama wa soko. Asidanganywe mtu, ziwa nalo lina ya kwake. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024 meli Merdi, iliyotoka Minova imejaa abiria, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiwa pale ukingoni wanaiona, na makumi wakafa. Kwa wahami wa upande wa Minova na Kalehe, kupanda boti hakujawahi kuwa matembezi. Basi anayekwenda aulize hali ya usalama kwa wasafiri wa bandari, achague meli isiyojazwa, avae koti la kuokolea, asafiri mchana. Na asiyeweza, chumba cha jirani kipo. Kongo ina hata bahari yake yenyewe, kule Muanda, kilomita zisizofika arobaini za pwani. Lakini kutoka Goma mtu anafika kwenye bahari ya Watanzania kwa urahisi kuliko kwenye bahari ya inchi yake. Hilo ni kosa la watu wengine, si la maarusi.

Mama wa Ndosho alitoa dola tano. Alizitoa kwa franga, noti za mia tano na za elfu, zimefungwa kwenye kona ya kitenge, na akamwambia kijana wa moto aseme kwa kamati kwamba ni za chakula. Kijana alizihesabu mara mbili na akaondoka. Jioni ile ile mtoto wa darasa la sita alikopa simu ya baba yake akatazama kundi. Kamati inakaa tena siku ya yenga, saa tisa, na orodha imekwisha kutumwa. Neno "chakula" halikuandikwa. Kwenye jina la mama mkubwa pameandikwa: baki 15.